Ushanga wa Kalibu: Historia ya Kioo Kilichookwa Nyumbani katika Afrika

Kioo hupita katika kazi tatu mpaka kikawa pambo. Kwanza huundwa: mchanga huchanganywa na magadi au majivu, ukayeyushwa kwa moto mkali hata ukawa kitu kimoja king'aacho. Pili hugeuzwa: kile ambacho kimekwisha kuwa kioo, kiwe chupa iliyovunjika au shanga ndogo zilizotoka ng'ambo, hupondwa au husagwa, hutiwa katika kalibu ya udongo, kikaokwa mpaka kikashikamana na kuchukua umbo jipya. Tatu hutungwa: shanga hupitishwa uzi, zikavaliwa shingoni, mkononi au kiunoni.

Historia ya kioo katika Afrika, kama ilivyoandikwa kwa muda mrefu, iliijua kazi ya kwanza na ya tatu tu. Ya kwanza ilihesabiwa kuwa ni kazi ya wageni, na ya tatu kuwa ni kazi ya Waafrika. Ya pili, iliyofanywa katika nyua za nyumba kwa tanuru ndogo na vifaa vya mfinyanzi, ilipotea katikati. Waandishi waliuliza, "Je, Waafrika waliunda kioo, au walikinunua?" na walipoona kwamba katika nchi nyingi kilinunuliwa, walidhani neno limekwisha. Lakini swali lenyewe lilikuwa na kasoro. Mhunzi anayefua jembe kwa chuma cha kununua haitwi mchuuzi, huitwa mhunzi. Vivyo hivyo sonara hachimbi dhahabu, na hapana amnyimaye jina la usonara kwa sababu hiyo.

Makala haya yaifuata kazi hiyo ya pili katika mahali pachache ambapo ushahidi wake ni thabiti: K2 katika bonde la Limpopo, Kiffa katika Mauritania, na nchi ya Wakrobo katika Ghana. Pwani ya Waswahili yaingia katika habari hii kwa njia mbili. Kwanza, ndiyo lango lililopitisha shanga nyingi za Bahari ya Hindi kwenda bara. Pili, Kiswahili chenyewe kina maneno yanayoweza kuzitenga kazi hizi tatu kwa usahihi, ila hayajatumiwa hivyo.

I. Maneno

Yafaa kuanza na neno *ushanga*. Neno hili limo katika ngeli ya u-, na wingi wake ni *shanga*, kama *ufunguo* na *funguo*, kwa kuwa kiambishi n- cha wingi hudondoka mbele ya sauti kama sh na f. Umbo ni moja, lakini matumizi hayafanani. Ufunguo ni kitu kimoja kinachohesabika. Ushanga, aghalabu, ni jumla ya vitu vidogo vinavyouzwa na kuvaliwa kwa uzi. Atakaye kuitaja moja peke yake husema *tembe ya ushanga* au *chembe ya ushanga*, kama asemavyo juu ya mchele au mtama. Lugha, basi, yauchukulia ushanga jinsi uchukuliwavyo na mwenye kuununua na mwenye kuuvaa. Jinsi tembe ilivyopata umbo lake, neno lenyewe halisemi.

Neno *kioo* nalo lataja kitu kilichokwisha kutengenezwa: dutu yenyewe, na pia chombo cha kujitazamia. *Bilauri* latokana na Kiarabu *billawr*, ambalo maana yake ni jiwe angavu kama barafu. Katika Kiswahili limekuwa jina la chombo cha kunywea. Maneno haya yote ni ya sokoni na ya nyumbani, si ya karakana.

Maneno ya karakana yapo. *Kalibu*, kutoka Kiarabu *qālib*, ni umbo tupu ambalo ndani yake kitu laini hutiwa ili kifanane nalo. *Kusubu*, kutoka kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kumimina, ni kutia madini yaliyoyeyuka katika kalibu. Hapa ndipo tofauti moja inapolazimu. Kusubu kwataka kitu kinachotiririka. Kazi ielezwayo katika makala haya haina mmimino: unga au vipande vya kioo hutiwa katika kalibu vikiwa vikavu na baridi, kisha kalibu na vilivyomo huingizwa motoni pamoja. Kitenzi kinachofaa zaidi ni *kuoka*. Mkate hausubiwi, huokwa, na hupata umbo la chombo chake kwa sababu uliingia laini ukatoka mgumu. Kioo huingia kigumu, hulainika, kisha hutoka kigumu tena, lakini jambo la msingi ni lile lile: moto humkuta mgeni wake tayari yumo ndani ya kalibu.

Tofauti ya kusubu na kuoka si ubishi wa wanasarufi. Mchanga mtupu hauyeyuki mpaka moto upite digri 1700 za Sentigredi. Ukitiwa magadi au majivu ya mimea, kiwango hicho hushuka sana, lakini bado hutaka tanuru kubwa, kuni nyingi na siku nyingi. Kioo kilichokwisha kuundwa, kikisagwa kuwa unga, hushikamana kwa moto wa kiasi cha digri 800 tu. Moto wa namna hiyo waweza kupatikana katika tanuru ya udongo nyuma ya nyumba. Kwa hiyo mwanachuoni akitafuta dalili za kusubu, yaani matanuru makubwa na vyungu vizito vya kuyeyushia, atapita juu ya dalili za kuoka bila kuziona: kigae cha kalibu, majivu kidogo, na tembe chache zilizoharibika.

II. Pwani na mlango wa bara

Kioo ni bidhaa ya zamani katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho *Periplus ya Bahari ya Eritrea*, kilichoandikwa katika karne ya 1 B.K., chataja mikuki, mashoka, visu, nyiro na aina mbalimbali za vioo miongoni mwa vitu vilivyoletwa katika masoko ya pwani ya Azania. Katika karne zilizofuata shanga za kioo zilitoka Ghuba ya Uajemi na, kwa wingi zaidi, Bara Hindi na nchi za mashariki yake. Mholanzi W. G. N. van der Sleen, aliyezichunguza shanga za pwani hii, aliziita mwaka 1956 shanga za pepo za biashara, kwa kuwa zilifuata kaskazi na kusi.

Wakati huo huo wenyeji wa pwani walikuwa watengenezaji wa shanga kwa mikono yao, ila si za kioo. Katika miji na vijiji vya kale kama Shanga katika kisiwa cha Pate, na Tumbe katika kisiwa cha Pemba, wachimbuaji wameona vigae vingi vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusugua. Mifereji hiyo ndiyo iliyolainisha visahani vya kombe mpaka vikawa tembe. Jambo hili lastahili kukumbukwa. Mtu aliyenunua shanga za kioo katika Tumbe ya karne ya 8 hakuwa mtu asiyejua jinsi tembe itengenezwavyo. Alikuwa na kipimo chake cha uzuri na cha kazi, na kioo kilipimwa kwa kipimo hicho.

Bara nako wanunuzi hawakupokea kila walicholetewa. Ushahidi ulio wazi kabisa ni wa karne ya 19. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, alisema katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba aina za shanga katika biashara ya misafara zilikuwa kama 400, na nyingine zilikuwa na majina matatu au manne. Baadhi ya majina hayo ni *samesame*, *gulabi*, *sofi*, *sungomaji* na *bubu*. Ushanga mwekundu wa samesame uliitwa pia *kimara-pamba*, yaani kimaliza masurufu, kwa kuwa mtu aliweza kutoa chakula chake chote apate huo. Hesabu ilikuwa na vipimo vyake: kete 10 zilifanya fundo 1. Sofi ilitumika kama fedha katika soko la Ujiji. Msafiri aliyebeba rangi isiyotakiwa katika nchi aliyofikia alijikuta na mzigo usionunua hata yai moja, ingawa ulikuwa umetoka Venice na kupita Unguja kwa gharama kubwa.

Hivyo mnunuzi ndiye aliyekuwa hakimu. Mahali ambapo hukumu yake haikuridhika na bidhaa iliyopo, alikuwa na njia mbili: kukataa, au kuigeuza bidhaa yenyewe. Njia ya pili ndiyo iliyofuatwa K2.

III. K2

Mahali paitwapo K2 pako karibu na makutano ya mto Limpopo na mto Shashe, katika Afrika ya Kusini, mwendo mfupi kutoka kilima cha Mapungubwe ambacho dhahabu yake iligunduliwa mwishoni mwa mwaka 1932. Watu walikaa K2 tangu karibu mwaka 1000 mpaka karibu mwaka 1220. Kisha makao ya watawala yakahamia Mapungubwe, nayo yakadumu mpaka mwisho wa karne ya 13. Watu hawa walitoa pembe za ndovu, na baadaye dhahabu, zikashuka mpaka bahari. Shanga za kioo zikapanda. Zile zilizofika K2 ni ndogo, nyingi za rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, na kwa kawaida hazifiki milimita 4 kwa upana. Zilitengenezwa kwa kuvuta bomba refu la kioo, likakatwa vipande, na vipande vikapashwa moto mpaka ncha zikaviringika.

Pamoja na hizo ndogo, K2 imetoa tembe za namna nyingine: nene, fupi, za umbo la pipa, upana wake ukipita mara nyingi milimita 10, rangi yake ikiwa ile ile ya zile ndogo. Wachimbuaji wa Kiingereza walizifananisha na gurudumu zito la kusawazishia nyasi za bustani, na jina hilo la mzaha likabaki. Guy Gardner, aliyechimbua K2 katika miaka ya 1930, alipata pia vipande vya kalibu za udongo zilizolingana nazo. Kazi, basi, ilifanywa pale pale. Shanga ndogo zilitiwa katika kalibu, zikapashwa moto hata zikalainika na kuwa moja, kisha kalibu ikavunjwa ili tembe itoke. Kalibu moja ilitoa tembe moja tu.

Palikuwa na shaka kama kioo hicho kiliundwa K2 au kililetwa. Shaka hiyo iliondolewa na kemia. Uchunguzi wa Claire Davison wa mwaka 1972 ulionyesha kwamba kioo cha tembe kubwa na kioo cha shanga ndogo ni kimoja. Uchunguzi wa baadaye wa Marilee Wood na wenzake, ambao umezipanga shanga za Afrika ya Kusini katika makundi kwa umbo na kwa kemia, umelithibitisha hilo. Waandishi wengine walilichukua jawabu hili kama upungufu: watu wa K2 hawakuunda kioo, "waliyeyusha tu" shanga za watu. Neno hilo "tu" lastahili kupimwa.

Fundi wa K2 alihitaji kujua moto wa kiasi gani unalainisha kioo bila kukifanya kimwagike, kwa kuwa kikipungukiwa na moto tembe hubaki na mipasuko ya shanga za awali, na kikizidiwa hushikamana na kalibu. Alihitaji kujua kwamba kioo chenye moto hakipendi baridi ya ghafula: kikitolewa kwa haraka hupasuka, papo hapo au baada ya siku kadhaa. Alihitaji pia kuchagua shanga zenye asili moja, kwa sababu vioo viwili vya mchanganyiko mbalimbali hunywea kwa kiasi mbalimbali vinapopoa, na kimoja hukivunja kingine. Hapana muuza shanga wa pwani aliyeweza kumfundisha mambo haya, kwa kuwa muuza shanga hakuwa na haja nayo. Maarifa haya yaliokotwa motoni, na gharama yake ilikuwa shanga zilizoharibika, mali iliyonunuliwa kwa pembe za ndovu.

Kwa nini wakubali hasara hiyo? Jawabu laelekea kuwa katika cheo. Shanga ndogo zilikuwa nyingi na zingeweza kumfikia yeyote mwenye cha kubadilishana. Tembe kubwa haikuwako katika bidhaa za meli. Ilipatikana kwa fundi wa K2 pekee, na ndani yake zimo shanga nyingi zilizotolewa katika mzunguko wa biashara zisirudi tena. Aliyeivaa alivaa utajiri uliooneka kuwa umetumika. Kwa upande wa pwani, jambo hili lageuza hesabu ya biashara. Mfanyabiashara aliyepeleka shanga kusini alidhani anauza mapambo. Sehemu ya mzigo wake, ilipofika mwisho wa safari, ilipokewa kama malighafi.

IV. Ife na gharama ya swali baya

Madhara ya kuuliza swali moja tu yaonekana vizuri zaidi katika Ife, mji mtakatifu wa Wayoruba katika Nigeria. Mjerumani Leo Frobenius alifika huko mwaka 1910. Katika kichaka cha Olokun aliona vyungu vya kuyeyushia vilivyofunikwa kwa kioo ndani na nje, pamoja na shanga na mabonge ya kioo. Alikuwa na ushahidi mikononi mwake. Lakini, kwa kuwa aliamini kwamba kazi bora namna hiyo haiwezi kuwa ya wenyeji, aliihesabu Ife kuwa baki la makoloni ya Wayunani wa kale na nchi ya Atlantis.

Hata waandishi waliokataa ndoto hiyo waliendelea kwa muda mrefu kusema kwamba kioo cha Ife kilikuwa cha kununuliwa na kuyeyushwa upya. Mwanzoni mwa karne ya 21 uchambuzi wa kemia ulionyesha kwamba kioo kingi cha Ife kina chokaa na alumina kwa kiasi kikubwa, mchanganyiko usiofanana na kioo cha Ulaya, cha nchi za Kiislamu wala cha Bara Hindi. Uchimbuaji wa Abidemi Babalola katika Igbo Olokun, uliofanywa mwaka 2011 na 2012 na kutangazwa mwaka 2017, ulitoa shanga zaidi ya 12,000 pamoja na taka za karakana. Kioo kiliundwa Ife, kwa malighafi ya Ife, kati ya karne ya 11 na ya 15.

Habari hii njema ina hatari yake. Ife imeshinda katika shindano lile lile la zamani: "nani aliunda kioo kutoka mchanga?" Ikiwa ushindi huo ndio kipimo pekee, basi K2, Kiffa na Krobo zabaki nje ya mlango, na kosa la Frobenius limesahihishwa kwa mji mmoja na kuachwa kwa bara zima. Hata katika Nigeria yenyewe mipaka si myepesi. Chama cha mafundi wa Masaga katika Bida, alichokieleza S. F. Nadel katika kitabu chake cha mwaka 1942 juu ya Wanupe, kilijua kuunda kioo cheusi kwa malighafi ya nchi, na kilijua pia kuyeyusha chupa za kununua, kikitengeneza bangili na shanga kwa kuzungusha kioo laini juu ya fimbo ya chuma. Fundi yule yule alifanya kazi ya kwanza leo na ya pili kesho, kwa jinsi bei ya chupa ilivyokuwa.

V. Kiffa na Krobo

Mifano miwili ya karne ya 20 yaonyesha kazi ya kuoka jinsi ilivyofanywa mbele ya macho ya wenye kuandika.

Katika Kiffa, mji wa Mauritania, kazi ilikuwa ya wanawake. Raymond Mauny aliiandika habari yake mwaka 1949, na jina la mji likawa jina la shanga. Mwanamke alisaga vipande vya shanga za Ulaya na vya chupa mpaka vikawa unga laini, kila rangi mbali. Unga ulilowekwa kwa mate au kwa maji ya gundi ya mgunga ili ushikamane. Tembe ilijengwa kwa mkono, mara nyingi ya pembe tatu, kisha mapambo ya rangi yakawekwa juu yake kwa ncha ya sindano, mstari kwa mstari na nukta kwa nukta. Ilipokauka iliwekwa katika chombo kidogo cha bati, hata mkebe wa samaki, juu ya makaa. Hapana tanuru wala karakana. Vyombo vyote vya kazi hii vyaweza kufunikwa kwa ukaya mmoja, na hata hivyo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wameziweka shanga za Kiffa katika daraja ya juu kabisa ya shanga za kioo.

Katika nchi ya Wakrobo, mashariki ya Ghana, kazi yafanywa mpaka leo katika nyua za jamaa. R. P. Wild alieleza njia ya namna hii ya nchi hiyo, iliyoitwa wakati ule Gold Coast, katika jarida la *Man* mwaka 1937. Taratibu ni hizi. Chupa huchaguliwa kwa rangi, huoshwa, hupondwa katika kinu cha chuma na kuchekechwa mpaka unga ukawa kama unga wa sembe. Kalibu ni bamba la udongo wa mfinyanzi lenye vishimo vingi vilivyo sawa. Hupakwa udongo mweupe uliolowekwa ili kioo kisigandame. Unga hutiwa katika kila kishimo, kwa tabaka ikiwa rangi ni zaidi ya moja. Katikati ya kila kishimo husimamishwa kikonyo cha jani la muhogo. Kalibu huingizwa katika tanuru iliyojengwa kwa udongo wa kichuguu, ikakaa kama nusu saa hadi saa moja. Kikonyo huungua kikawa majivu, na mahali pake huwa tundu la uzi. Kwa shanga angavu unga hautumiki. Hutiwa vipande vya chupa, na tundu hutobolewa kwa msumari kioo kikiwa bado laini, tembe ikizungushwa katika kishimo chake mpaka ikaviringika. Shanga zikipoa husuguliwa juu ya jiwe kwa mchanga na maji. Zikitakiwa maua, huandikwa kwa uji wa unga wa kioo na kuokwa mara ya pili.

Shanga hizi hazitengenezwi kwa ajili ya wageni peke yao. Wasichana wa Krobo huzivaa kwa wingi katika unyago wao uitwao Dipo, na soko la shanga la Koforidua hufanyika kila Alhamisi. Ushanga wa kiunoni, ambao Waswahili nao waujua na huuficha chini ya kanga, una maana huko ya utu uzima na ya nyumba mtu atokako.

Kile kikonyo cha muhogo chastahili kutazamwa kama mwanaisimu atazamavyo neno la mkopo. Muhogo ni mmea wa Amerika, ulioletwa Afrika na Wareno tangu karne ya 16. Kwa hiyo njia ya Wakrobo, katika umbo lake la sasa, haiwezi kuzidi umri huo, hata kama kuoka kioo ni kukongwe zaidi na vikonyo vingine viliwahi kutumika. Chupa nayo yasema hivyo hivyo juu ya biashara ya Atlantiki. Zamani rangi zilipatikana kwa kusaga shanga za Ulaya zenye rangi; sasa hununuliwa rangi za viwandani. Kila kitu kilichomo katika kalibu kina safari yake, na kalibu yenyewe ni ya mfinyanzi wa kijiji. Kama msamiati wa Kiswahili usivyokuwa wa kigeni kwa sababu una maneno ya kigeni, tembe ya Krobo nayo haiwi ya Ulaya kwa sababu ilikuwa chupa. Sarufi ndiyo inayoliamua neno limekuwa la nani, na katika ushanga sarufi ni kalibu, moto na mkono.

VI. Hitimisho

Katika mifano hii mambo mawili yarudi kila mara. La kwanza ni kwamba kugeuza kioo kulikuwa kazi ya nyumbani na ya ua, yenye kuazima vifaa vya mfinyanzi na vya jikoni: udongo, kinu, chekecheo, makaa, mkebe. Kwa sababu hiyo dalili zake ni ndogo na hufanana na takataka za kawaida. Kigae chenye utando wa kioo upande mmoja chaweza kutupwa pamoja na vigae vya vyungu, na tembe iliyolainika ikadhaniwa kuwa iliungua nyumba ilipoungua. Mchimbuaji wa Kilwa, wa Pemba au wa Sofala anayekijua kisa cha K2 atavigeuza vigae hivyo mara mbili kabla ya kuvitupa.

La pili ni la lugha. Maneno *kuunda kioo*, *kuoka kioo* na *kutunga ushanga* yakitumiwa kila moja mahali pake, mjadala mzima hupata mpangilio mwingine. Hapo Ife ni mji ulioumba na kugeuza, Bida vivyo hivyo. K2, Kiffa na Krobo ni mahali palipogeuza. Na pwani ya Waswahili ni mahali palipopitisha, palipochagua, na palipotengeneza kwa kombe kile ambacho wengine walikitengeneza kwa kioo. Hapana hata mmoja kati ya hao aliyekuwa mpokeaji mtupu. Kamusi ambayo chini ya *ushanga* yataja pambo na biashara tu yaendeleza, pasipo kukusudia, historia ile ile pungufu.

Kazi ya kurekebisha upungufu huo haihitaji kungoja uchimbuaji. Katika Kitengela, kusini ya Nairobi, na katika Arusha, zimo karakana ambamo chupa zilizotupwa huyeyushwa na kufanywa shanga, na mafundi wake husema Kiswahili kutwa. Wana neno la kioo kilichopungukiwa na moto, na neno la kile kilichopasuka kwa kupoa upesi. Wana jina la kalibu iliyochakaa na la tembe iliyokataa kutoka. Maneno hayo yaandikwe sasa, kutoka vinywani mwa wenye kuyatumia, kabla ya wafasiri kuwaletea mengine kutoka vitabuni.